Nani Alisema Barabara Yetu ni Njia ya Shamba?

Chukua simu tatu, ufungue ramani tatu tofauti, kisha utafute barabara moja tu hapa Makongeni, Thika. Usitafute Garissa Road. Hiyo haina ubishi: ni A3, inatoka Thika hadi Liboi mpakani na Somalia, na kila ramani inaipa heshima yake. Tafuta zile zinazochipuka kutoka kwake na kuingia ndani ya Phase. Nitatumia moja kama mfano, ile ninayopita kila siku. Ramani ya kwanza inasema ni barabara ya daraja la tatu, yaani ya kuunganisha mtaa na mtaa. Ya pili inasema ni ya makazi, ya kukufikisha getini kwako na basi. Ya tatu imeichora kwa vistari vya kahawia vilivyokatikakatika, alama ya njia ya shamba, ile ya trekta kufuata nyasi.

Barabara ni moja. Haijahama.

Na saa kumi na moja alfajiri matatu ya kwanza imeshapita hapo ikipiga honi. Baada yake ni tuktuk, maboda, lori la mawe ya Ndarugo, gari la gesi, basi la shule. Mvua ikizidi inageuka uji. Jua likiwaka vumbi linaingia mpaka kwa sufuria. Lakini njia ya shamba? Sawa, jina Makongeni lenyewe linakumbuka makonge, ila siku hizi ukitaka kuona mkonge hapa itabidi uutafute kwa kamba ya mbuzi.

Wacha niseme bila kupindapinda: daraja la barabara ni ile kazi inayofanya. Nani anaitumia, inamtoa wapi, inampeleka wapi, na ikifungwa leo watu wangapi watakwama. Lami ni jambo lingine kabisa. Wachoraji wengi wa ramani wameyachanganya haya mawili, na sisi tunaozitumia tumewaacha, na bili inaletwa kwa mitaa kama wetu.

Utaniuliza, kwani rangi ya mstari kwa simu inamdhuru nani? Tupige hesabu.

Apu ya kutafuta njia haioni matatu. Inasoma data, na kitu cha kwanza inachosoma ni daraja. Kuna programu huria inayoitwa OSRM, inayotumia data ya OpenStreetMap, na kwa kuwa ni huria yeyote anaweza kuifungua na kuona kasi ilizopangiwa gari. Barabara ya daraja la tatu: kilomita 40 kwa saa. Ya makazi: 25. Ya huduma, kama ile ya kuingia maegesho ya supamaketi: 15. Njia ya shamba haimo kwenye orodha hiyo ya kasi. Sasa chukua kipande cha kilomita mbili. Kikiitwa cha daraja la tatu, ni dakika tatu. Kikiitwa cha makazi, karibu dakika tano. Cha huduma, dakika nane. Njia ya shamba, gari linaambiwa lizunguke. Hakuna jiwe lililosogezwa. Ni neno moja tu limebadilishwa na mtu aliyeketi mahali.

Mpe neno hilo kijana wa boda anayepeleka chakula. Ramani ikimzungusha, mteja anaona bei imepanda, anaghairi oda. Ikimuahidi mteja dakika tatu kwa barabara ambayo mwezi wa Aprili imemezwa na matope, kijana anachelewa, anapewa nyota mbili. Jamaa mmoja wa steji yetu alinionyesha apu aliyokuwa anafanyia kazi (siitaji, shida si yake peke yake). Kutoka Phase moja hadi nyingine ilikuwa inamtoa mpaka Garissa Road, aende mbele, kisha arudi ndani, ilhali kuna barabara ya katikati ambayo hata bibi yangu anaijua. "Boss, hii kitu inadhani hapo katikati ni msitu," akaniambia. Oda za upande ule hazitoki, alisema, kwa sababu kwa simu wale watu wanaonekana wako mbali. Wako mbali kwa simu tu. Kwa miguu ni dakika kumi.

Kuna jambo lingine, dogo, linalonikera zaidi. Ukivuta ramani nyuma, barabara za chini hufutika kwanza. Kwenye sura ya kawaida ya OpenStreetMap, barabara ya daraja la tatu huendelea kuonekana ukiwa mbali kuliko ya makazi, na ya huduma hupotea mapema. Kwa hivyo mtu wa ofisi anayetazama Thika nzima kwenye skrini moja anaona mistari mikubwa, na kati ya mistari anaona kijivu. Hicho kijivu ni sisi.

Vurugu hii ina historia, na sehemu yake inachekesha.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na ngazi yake ya barabara ni ya huko: ya mwendo kasi, kuu, ya msingi, ya upili, ya tatu, halafu moja inayoitwa "isiyo na daraja". Hii ya mwisho imepoteza watu wengi. Kwa Mwingereza, barabara isiyo na daraja ni barabara ndogo ya umma, ina nafasi yake kwenye ngazi na inaeleweka. Hapa kwetu mtu akisoma "isiyo na daraja" anadhani ni ile isiyojulikana na serikali, basi anatupa humo kila njia iliyomshinda.

Sisi nasi tulikuwa na ngazi yetu. A zilikuwa barabara kuu za kimataifa, B kuu za kitaifa, C za msingi, D za upili, E ndogo. Sasa jaribu kuziweka ngazi hizi mbili sambamba. Mchoraji mmoja anafuata jina: C kwetu ni ya msingi, basi anaiandika ya msingi. Mwingine anahesabu vidato: A imeshachukua "kuu", B ichukue "msingi", C ishuke iwe "ya upili". Wote wawili wana hoja. Wote wawili wamefanya kazi kwenye nchi moja, pengine kwenye kaunti moja. Unavuka mpaka wa kata na barabara ileile inabadilisha rangi kama kinyonga. Huko juu kosa hilo halina uzito, A3 itabaki A3. Ila kila kidato kinachoteleza kinasukuma cha chini yake, na mwisho wa kusukumana huko, pale chini kabisa, ndipo tunapoishi.

Kisha kulikuwa na herufi za kazi maalum. Zilikuwa kadhaa, lakini hizi tatu ndizo ninazozipenda: S ilikuwa barabara ya miwa, T ya chai, W ya ngano. Soma tena polepole. Miwa ilikuwa na herufi yake. Chai pia. Mtu anayeamka saa kumi usiku Makongeni kwenda kazi ya kiwandani, barabara yake ya mtaa ilikuwa jambo la baraza la mji, nje ya alfabeti. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaleta ngazi mpya, na orodha mpya ikachapishwa kwenye Gazeti Rasmi Januari 2016. S ikaachana na miwa, ikawa ya barabara kubwa za kasi zinazounganisha miji. Herufi ileile! Sasa ukikuta S kwenye ramani ambayo hujui ilichorwa mwaka gani, bahati njema.

Hata jina likiwa kubwa halimalizi kesi. Thika Superhighway ilifunguliwa 2012 na kila mtu akaanza kutembea kifua mbele. Lakini barabara ya mwendo kasi kwa maana ya ile ngazi ya Waingereza haina watu wa miguu, haina matatu kusimama kandokando kuita abiria, haina boda wala muuza njugu. Umewahi kushuka Juja saa kumi na mbili jioni? Basi mchoraji mmoja akiipandisha hadi mwendo kasi na mwingine akiishusha hadi barabara kuu, wote wanaangalia kitu halisi: mmoja anaona zege, mwingine anaona watu. Mimi niko na anayeona watu.

Hapo ndipo ninapotaka ugomvi. Picha ya setilaiti inaonyesha zege na lami vizuri sana. Lami ni nyeusi, imenyooka, inajitangaza. Maramu kutoka juu ni wekundu uliopauka, na mtu aliyeko Berlin, ambaye maisha yake yote njia nyekundu isiyo na lami imekuwa ya kwenda shambani, anaichora ya shamba. Simlaumu sana. Anaona anachoona. Ninaolaumu ni sisi tunaojua. Sisi ndio tunaosema "hiyo si barabara, ni rough road", kana kwamba kuna sheria inayosema matatu zikipita kwenye vumbi zinageuka punda. Kuna korti moja hapa karibu, geti jeusi, ndani kabro safi hadi unaona haya kuikanyaga na viatu vya matope. Ina nyumba chache na haiendi popote. Ukifika mwisho unageuza. Nimewahi kuikuta kwenye ramani imepewa cheo cha juu kuliko barabara ya matatu iliyo nje ya ukuta wake. Aliyeichora alikuwa mtu wa hapa hapa. Kabro ilimpendeza.

Kiswahili kina neno moja, daraja, la kuvukia mto na la kumpa mtu cheo. Ukitaka kuvuka unataka la kwanza, ukitaka kuringa unataka la pili. Kwenye ramani tumelichukua la kuvukia tukalifanya la kuringia.

Mwongozo upo, tena wa siku nyingi. OpenStreetMap ina ukurasa mahususi kuhusu barabara za Afrika, na msimamo wake ni kwamba daraja lifuate umuhimu wa barabara kwenye mtandao wa barabara, huku uso wake, kama ni lami, changarawe au udongo, ukiandikwa mahali pake, na ulaini wake pia mahali pake. Sehemu tatu tofauti za kujaza. Sijui ni uvivu gani unaotufanya tuyatie yote kwenye moja.

Nilishabadilisha ile barabara yetu. Niliitoa kwenye njia ya shamba, nikaiandika ya daraja la tatu, nikaeleza kwamba ni njia ya matatu. Wiki mbili baadaye ilikuwa imerudishwa, na maelezo mafupi: kwa picha za angani, haina lami. Nilimjibu kwamba najua haina lami, viatu vyangu vinajua. Akaniuliza ujuzi wangu ni upi. Mimi si msorovea. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata kozi yenyewe haikuwa ya ramani. Lakini swali kama matatu zinapita mahali halihitaji digrii, linahitaji kusimama hapo.

Sasa pesa. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Kijana wa boda analipa hizo 25 sawa na mwenye Prado. Na tangu wakati huohuo magavana na wabunge wamevutana mpaka mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo. Ukiondoa kelele, ule ni ugomvi wa madaraja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya taifa barabara kuu za kitaifa, na linaipa kaunti barabara za kaunti. Halijasema kwa jina barabara ya nyuma ya soko ni ya nani. Anayesema hiyo ni orodha ya madaraja. Kwa hivyo mtu akikuambia daraja ni mambo ya watu wa kompyuta, muulize kwa nini wakubwa wanaligombania hivyo.

Sidai kwamba mhandisi wa kaunti anapanga bajeti akiangalia simu. Ninachodai ni kwamba kuna mduara, na ramani za simu zimeingia ndani yake. Barabara haina lami, basi inachorwa ya chini. Ikishachorwa ya chini, haionekani kwa anayetazama kutoka mbali, awe mtu wa biashara anayetafuta pa kufungua duka, au shirika la misaada linalotafuta njia wakati wa mafuriko. Haya mashirika hutegemea sana OpenStreetMap. Mradi wa Missing Maps ulianzishwa 2014, Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza wakiwemo, hasa kwa sababu sehemu maskini hazikuwa kwenye ramani. Isiyoonekana haiitishiwi chochote. Na isiyoitishiwa chochote itapata lami lini?

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: ukiipandisha barabara mbovu, utamtuma mgeni kwenye balaa. Kweli kabisa. Agosti 2009, huko Death Valley, Marekani, mama mmoja alifuata kifaa chake cha GPS kwenye njia ya jangwani isiyotunzwa, gari likazama kwenye mchanga, na mtoto wake wa miaka sita akafa kwa joto na kiu. Walinzi wa mbuga ile walikuwa na jina la vifo vya namna hiyo: kifo cha GPS. Ramani zilikuwa zinabeba njia za zamani kana kwamba bado ni barabara, na walinzi ikabidi wafuatilie kampuni za ramani ziziondoe. Ile ni dhambi ileile kutoka upande wa pili. Kule njia mfu ilipewa uhai. Hapa barabara hai imezikwa. Sitaki Makongeni ipendelewe. Nikiona mtu ameipandisha njia yetu ya nyuma hadi upili kwa mapenzi ya mtaa, nitaishusha mwenyewe.

Wengine wataniambia niache makelele, nitumie ramani ya kampuni kubwa kama kila mtu. Ninaitumia. Ila kumbuka Google ilikuwa na kitu kinaitwa Map Maker tangu 2008, watu wa kawaida wakachora barabara za mitaa yao bure, Kenya ikiwemo, na 2017 kikafungwa. Kazi ilibaki kwa kampuni. Leo ukiona kosa unatuma pendekezo, unangoja, na uamuzi unafanyika ndani. Kwenye ramani huria angalau nimepata mtu wa kubishana naye kwa jina lake la kuingilia, na ubishi wetu unabaki pale mtu wa tatu ausome.

Na si kwamba tunaanza kutoka sifuri. Kibera ilikuwa doa tupu hadi 2009, pale vijana wa huko huko waliposhika GPS mkononi na kutembea kichochoro kwa kichochoro. Ule mradi unaitwa Map Kibera. Dar es Salaam walifanya vivyo hivyo kuanzia 2015 kupitia Ramani Huria, wanafunzi na wakaazi, kwa sababu mafuriko hayangoji ramani. Nairobi ilichora njia za matatu zake, Digital Matatus ikatoa ramani yake 2014, na ghafla ikaonekana kwamba ule mfumo ulioitwa fujo una umbo. Hilo la matatu ndilo ninalotaka tuliibe. Matatu haiendi mahali kwa hisani. Dereva anayefuata pesa ameshafanya utafiti wa daraja kabla ya serikali na kabla ya setilaiti. Kama kuna njia ya kudumu ya matatu, hiyo barabara si ya makazi wala si ya shamba, mjadala umekwisha.

Kaunti nayo ina deni. Orodha ya barabara zake, na daraja la kila moja, ingetolewa kwa umbo ambalo kompyuta inalisoma, ikiwa na mstari wake kwenye ramani na ruhusa ya kuitumia, nusu ya ubishi huu ungeisha kwa wikendi moja. Wakati huo nusu nyingine bado ni yetu. (Na tafadhali, ukiandika, andika Makongeni ya Thika. Ile ya Nairobi, ya nyumba za reli kule Jogoo Road, imetuchukulia vifurushi vya kutosha.)

Mimi nimeirudisha tena, kwa mara ya pili. Kwenye daraja nimeandika la tatu. Kwenye uso nimeandika maramu. Kwenye ulaini nimeandika mbaya. Nimeongeza maelezo kwamba matatu za kutoka Thika mjini hupita hapo asubuhi hadi usiku, na kwamba mwenye shaka aje asimame karibu na soko nimnunulie chai. Yule bwana hajajibu. Kipande cha mwisho, kile cha kuelekea Kiganjo, bado sijakigusa, kwa sababu mvua ikinyesha matatu hugeuzia kabla ya kufika huko, na nataka kwanza kuuliza watu wa steji kama ni ya mwaka mzima.